Maswali na Majibu: Kazi ya Likizo kwa Kijana Wako

Tangu mitihani ya kidato cha nne ilipokwisha mwezi Novemba, barua nyingi tulizopokea zimeuliza jambo moja: kijana akiwa nyumbani kwa miezi kadhaa, apate wapi kazi inayomfaa, na aandaliwe vipi? Toleo hili tumelitoa lote kwa swali hilo. Barua tumezifupisha, na majina ya waandishi hatukuyaandika.

SWALI: Shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 17 na amemaliza kidato cha nne. Analala mpaka saa nne asubuhi, na akiamka anashika simu. Baba yake anataka aende Kariakoo akabebe mizigo kwa ujira wa siku, kama yeye mwenyewe alivyofanya ujanani. Mimi naogopa, lakini hali hii nayo siipendi. Nianzie wapi? (Mama wa watoto watatu, Mbagala, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mama. Hofu yako ina msingi, ila nakuomba isikufanye umfungie mtoto ndani. Matokeo hutoka mwezi Januari, kisha kuna kungoja uchaguzi wa kidato cha tano na vyuo, na masomo yenyewe huanza katikati ya mwaka. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka, na ni muda mrefu mno kwa kijana mwenye nguvu kukaa bila jambo la kumwamsha.

Nianze na mizigo ya Kariakoo. Mwambie baba yake, kwa upole na wala si kwa kumshinda, kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kwamba ubebaji wa mizigo mizito umetajwa humo miongoni mwa kazi za hatari ambazo mtoto haruhusiwi kufanya, pamoja na uchimbaji wa madini na kokoto, kazi za baharini, viwanda vyenye kemikali, na kazi za baa na hoteli ambako anaweza kukutana na mambo yasiyo ya maadili. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Inakataza mtoto kuwa kazini kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na kazi inayozidi saa 6 kwa siku inaihesabu kuwa ya kinyonyaji. Baba yake alibeba mizigo na akasalimika, na ninamheshimu kwa hilo, lakini mgongo wa kijana wa miaka 17 bado unakua.

Sasa, kazi nyepesi iko wapi? Haitangazwi gazetini. Iko kwa watu mnaosalimiana nao kila siku: mwenye steshenari karibu na shule, fundi cherehani anayeshona sare, mwenye duka la vifaa vya umeme ambaye mke wake amejifungua juzi na sasa anabaki dukani peke yake, jirani mwenye watoto wa darasa la nne wanaohitaji mtu wa kuwasimamia hesabu jioni. Kaa na mwanao mkiwa na karatasi, muandike watu kumi wa namna hiyo walio ndani ya mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Ninasisitiza mwendo wa miguu kwa sababu ya nauli. Kijana anayelipwa shilingi 5,000 kwa siku, akapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kisha akanunua sahani ya wali kwa mama lishe mchana, atarudi na kiasi kitakachomkatisha tamaa kabla wiki haijaisha. Anayelipwa 3,000 akiwa mtaa wa pili, na akila chakula chako, ana hali nzuri zaidi.

Angalia pia majira. Wiki za kwanza za Januari, shule zinapofunguliwa, mwenye steshenari na fundi wa sare wanazidiwa na wateja. Anayetaka nafasi hapo aende Desemba, kabla dukani hapajajaa watu, maana mwenye duka aliyezidiwa hana muda wa kumfundisha mgeni. Kwa ninyi wa Mbagala kuna jambo jingine: Maonesho ya Sabasaba hufanyika kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai, na waonyeshaji wengi hutafuta vijana wa kugawa vipeperushi, kupanga bidhaa na kuhesabu wageni. Iwapo mwanao atakuwa bado hajaripoti shuleni, aanze kuulizia mwezi Mei, na muda wa kutoka jioni mkubaliane mapema.

Siku ya kwenda kuomba, nenda naye. Najua wapo wazazi wanaosema kijana wa miaka 17 asishikwe mkono, ila mwenye duka wa mtaani humpa mtoto funguo za droo kwa kuwa anamfahamu mama yake. Salimia, mtambulishe, kisha usogee pembeni na umwache aseme mwenyewe anaitwa nani, anaomba kufanya nini na anapatikana siku zipi. Ukimsemea kila kitu, mwenye duka atadhani anakuajiri wewe. Mkipata na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, itawasaidia mahali ambapo hamjulikani.

Kabla ya siku ya kwanza, wiki nzima aamke saa 12 asubuhi, aoge na avae kama anayetoka. Mfanyishe mazoezi ya chenji: mpe noti ya 10,000, mwambie umenunua vitu vya 3,650, akurudishie kwa kuhesabu kwa sauti bila kutumia simu. Mfundishe kuandika daftari la mauzo lenye tarehe, kitu, idadi na fedha. Hapa nitasema jambo nililoliona mwenyewe. Zamani nilikuwa na duka dogo la kutoa kopi, na likizo moja nilimchukua binti wa kidato cha tatu. Kila alipotoa kopi alichora msitari nyuma ya boksi la karatasi, akikata mafungu ya tano tano. Jioni kaunta ya mashine ilionyesha kopi 312, mistari yake ilikuwa 309. Kabla sijauliza, alifungua droo akanionyesha karatasi tatu zilizokunjamana, zimetoka na weusi pembeni, akasema, "Hizi ziliharibika, sikumtoza mtu." Sikuwahi kuhesabu tena nyuma yake, na alipomaliza shule nilikuwa mtu wa kwanza kumwandikia barua ya sifa. Hakuwa amefundishwa na chuo chochote. Mama yake alikuwa na genge la mboga, na ndiko alikojifunza kwamba kinachopotea huandikwa sawa na kinachouzwa.

Mwisho, mwanao na mwenye duka wakubaliane mambo manne mbele yako: saa za kuingia na kutoka, ujira, siku ya kulipwa, na ikiwa kitu kitavunjika au fedha zitapungua itakuwaje. Yaandikwe, hata kwenye ukurasa wa daftari, na pande zote mbili ziweke sahihi. Hilo la nne watu wengi huliacha, halafu kijana anafanya kazi mwezi mzima na kuambiwa anadaiwa glasi. Kuhusu fedha atakazopata, maoni yangu ni haya: achangie kitu kidogo nyumbani kwa kiasi mtakachopanga naye, na zinazobaki ziwe zake kweli. Kwa kuwa laini ya simu ya aliye chini ya miaka 18 husajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi, kuna kishawishi cha kuzitumia kwa shida ya leo na kusema "nitakurudishia". Mama, usifanye hivyo. Mfungulie akaunti ya vijana benki, aone salio lake likikua.

SWALI: Nina miaka 18 na nimemaliza kidato cha nne. Kila ninapoomba kazi naulizwa uzoefu, na sina. Wasifu wangu una jina, shule na namba ya simu tu. Nitaandika nini? (Kijana wa Dodoma)

JIBU: Mwanangu, uzoefu unao, ila umezoea kuuita kusaidia nyumbani. Niambie: nani hufunga hesabu za kuku wa mayai pale kwenu? Ulikuwa kiranja wa bweni, msimamizi wa maktaba, mtunza vifaa vya michezo? Ulimsaidia mjomba kupaka rangi nyumba likizo iliyopita? Mambo hayo yaandike kwa kueleza ulichofanya na kiasi chake. Sentensi kama "Ni mchapakazi na ninajituma" haimwambii mwajiri lolote, kwa kuwa kila mwombaji anaiandika. Sentensi kama "Kwa miaka miwili nilitunza kuku 60 wa familia, nikiandika idadi ya mayai kila siku na kuyapeleka kwa wateja wanne" inamwambia kwamba unaamka mapema, unajua kuandika kumbukumbu na unaweza kuaminiwa na mali ya mtu. Karatasi moja inatosha. Weka jina la mwalimu mmoja na mtu mzima mwingine asiye ndugu yako, ila uwaombe ruhusa kwanza. Mwalimu anayepigiwa simu ghafla na mtu asiyemjua husita, na kusita kwake kutasikika kwa mwajiri kama lawama.

Ukiitwa kuzungumza, fika robo saa kabla. Ukiulizwa kitu usichokijua, jibu kwamba hujawahi kukifanya na uko tayari kuonyeshwa; mwajiri wa kijana hategemei ujue kila kitu, lakini akigundua umedanganya jambo dogo atakuogopa kwenye fedha. Nawe uliza swali moja la kazi yenyewe, kwa mfano, wateja huwa wengi saa ngapi. Jambo jingine ni simu yako: mwajiri akipiga, atakutana na picha yako na sauti yako kabla hajakutana nawe. Na mtu yeyote akikudai fedha ya fomu, ya sare au ya "kufungua faili" ili upewe kazi, ondoka. Kazi ya kweli inakulipa wewe.

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu. Mama mmoja anayetoka mjini amewaahidi wazazi kunichukua likizo ya Juni nikauze duka lake Dar es Salaam. Nitalala kwake, na mshahara atautunza yeye anikabidhi likizo ikiisha. Wazazi wamefurahi. Niende? (Binti wa Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, usiende, na ninaomba uwasomee wazazi wako jibu hili.

Sisemi kwamba mama huyo ni mbaya, simjui. Nasema kwamba mpango wenyewe umekuondolea kila kitu ambacho kingekulinda. Utalala kwa mwajiri, kwa hiyo hakuna atakayejua umeanza saa ngapi na umemaliza saa ngapi. Mshahara uko mikononi mwake, kwa hiyo hutakuwa hata na nauli ya kurudi siku ukitaka kuondoka. Duka hakuna aliyeliona. Mabinti wengi walioahidiwa duka wamejikuta wakifua, wakipika na kulea watoto tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na wengine yamewapata makubwa kuliko hayo. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na ahadi ya kazi mjini kwa binti wa mbali ni mojawapo ya njia zinazotumiwa na wanaoivunja.

Ikiwa wazazi bado wanaona ni fursa, basi mmoja wao asafiri kwanza alione duka na nyumba, mipango iandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa unakokwenda, ulale kwa ndugu wa damu, simu uwe nayo wewe, na ujira ulipwe kila wiki. Mwenye nia njema atakubali yote hayo bila kununa. Akikasirika au akiharakisha safari, mmepata jibu. Kariri pia namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto na haina malipo. Unaweza kuipiga wewe mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Na Morogoro si mahali pasipo na kazi: muulize mwalimu wako wa sayansi kimu au fundi wa karibu kama wanahitaji msaidizi kwa wiki nne za likizo, urudi kulala kwenu.

SWALI: Mimi ni mama kutoka Uvira, Kongo. Tuliletwa Marekani kama wakimbizi, na tunaishi Houston, Texas. Mtoto wangu ana miaka 15, na wenzake shuleni wanatafuta kazi za kiangazi. Naogopa akipata mshahara tutanyang'anywa msaada wa chakula. Pia sijui sheria za hapa zinasemaje. (Mama wa Houston)

JIBU: Mama, pole na ugeni wa nchi. Nianze na hofu yako kubwa: kwa kanuni za SNAP, yaani huo msaada wa chakula, mshahara wa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari aliye chini ya miaka 18 na anayeishi na mzazi hauhesabiwi kwenye kipato cha familia. Kanuni za shirikisho za nyumba za ruzuku nazo haziuhesabu mshahara wa mtoto aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, mwarifu afisa anayeshughulikia faili lenu, na uhifadhi nakala ya stabu zake za mshahara, yaani karatasi za malipo, ili asije mtu akasema mlificha.

Sheria ya shirikisho inaruhusu mtoto wa miaka 14 na 15 kufanya kazi hadi saa 8 kwa siku na saa 40 kwa wiki wakati shule zimefungwa, kati ya saa 1 asubuhi na saa 3 usiku kuanzia Juni 1 hadi Sikukuu ya Wafanyakazi ya huko, ambayo ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Shule ikifunguliwa, na kwenu hufunguliwa Agosti, masharti hubadilika mara moja: saa 3 kwa siku ya shule na saa 18 kwa wiki. Katika umri huo anaweza kupanga bidhaa rafuni, kuwafungashia wateja dukani, kukaa kwenye kaunta ya malipo au kufanya kazi za ofisini. Hawezi kuoka mikate, kupika kwenye moto wa wazi, kufanya kazi akiwa juu ya ngazi ya kuegemeza, kuingia kwenye jokofu la nyama wala kuendesha mashine ya kukatia nyasi. Mtoto wa miaka 15 anayejua kuogelea na aliyepata cheti anaweza hata kuwa mwokoaji kwenye bwawa la kuogelea, na mabwawa hutafuta vijana hao kuanzia majira ya kuchipua, kwa hiyo asingoje shule zifungwe.

Texas haidai kibali cha kazi kwa kijana, ingawa majimbo mengine, kama New York, yanakidai. Siku ya kuajiriwa atajaza fomu ya I-9, inayothibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi, na hapo kadi yake ya Social Security (hifadhi ya jamii) isiyo na maandishi ya kizuizi, pamoja na kitambulisho cha shule chenye picha, zinatosha. Kima cha chini cha shirikisho, ambacho ndicho Texas inachokifuata, ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009. Usishangae mkiambiwa 4.25, kwa kuwa sheria inaruhusu kiwango hicho kwa aliye chini ya miaka 20 katika siku 90 za mwanzo. Kwenye stabu yake ataona asilimia 7.65 imekatwa kwa ajili ya Social Security na Medicare, yaani bima ya afya ya wazee. Hiyo ni halali na hairudishwi. Kodi ya mapato ya shirikisho ikikatwa pia, mwakani mjaze ritani, yaani fomu ya hesabu ya kodi. Kijana aliyefanya kazi kiangazi tu kwa kawaida hurudishiwa yote.

Nina ombi moja. Watoto wenu huko ndio wanaowatafsiria wazazi hospitalini na ofisini, na mara nyingi hawaijui thamani ya kazi hiyo. Kwenye fomu ya maombi aandike kwamba anazungumza Kiswahili, Kiingereza na, kama anakijua, Kifaransa. Dukani Houston hilo ni jambo la kumwajiri mtu.

SWALI: Nina miaka 17. Likizo ya Desemba nilifanya kazi wiki tatu kwenye duka la mtu, akanilipa ya wiki moja. Sasa hapokei simu. Nifanye nini? (Kijana wa Mwanza)

JIBU: Kijana wangu, ujira wako ni haki yako kisheria, hata kama hukuandikiwa mkataba. Leo hii, kabla hujasahau, andika tarehe ulizofanya kazi, saa, kiasi mlichokubaliana na majina ya waliokuona ukifanya kazi, iwe ni mteja wa kila siku au jirani wa duka. Hifadhi ujumbe wa simu na muamala wa ile wiki uliyolipwa, kwa sababu unathibitisha kwamba alikutambua kuwa mfanyakazi wake. Kisha nenda dukani na mzazi wako asubuhi, wakati hakuna wateja, mumsomee hesabu kwa utulivu na kumpa tarehe ya kulipa. Tarehe ikipita, mwende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, pale Mwanza. Madai ya ujira hupokelewa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, kwa hiyo zihesabu tangu siku aliyokataa kulipa, na usizimalize zote kwa kumpigia simu.